Majeraha ya Mtoto na Hali ya Nyumba Aliyotoka

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulijifunza jinsi ya kumnywesha maji mtoto anayeharisha. Mwezi huu nawaletea somo gumu zaidi, na naomba lisomwe kwa sauti nyumbani, baba naye akiwepo. Ni juu ya watoto wanaoletwa hospitali wakiwa na majeraha waliyoyapata mikononi mwa watu wanaowalea.

Nianze na mtoto mmoja. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Alikuwa msichana wa miaka sita, aliyeletwa na mama yake mdogo katika mwezi wa pili, mvua ikinyesha, siku ya nne tangu aungue. Viganja vyote viwili vilikuwa vimefungwa vipande vya kanga. Tulipovilowesha na kuvifungua tulikuta majivu yamegandamana na usaha. Maelezo tuliyopewa ni kwamba mtoto aliteleza jikoni akaangukia mafiga. Lakini mtoto anayeteleza hajichagulii pa kuungua. Angeungua kiwiko, goti, labda shavu, na nguo yake ingeshika moto. Huyu alikuwa ameungua viganja tu, kulia na kushoto sawasawa, na migongo ya mikono ilikuwa mizima kabisa.

Sikumwuliza mama mdogo lolote siku ile. Tulimpa mtoto dawa ya maumivu, tukamsafisha, tukamfunga gozi. Kesho yake asubuhi, nilipokuwa nabadilisha shuka, yule mama akaniambia mwenyewe. Mtoto alikula dagaa waliokuwa wamewekwa kwa ajili ya baba mwenye nyumba. Naye mama jicho lake la kushoto lilikuwa limevilia damu.

Nitarudi kwa mtoto huyu baadaye. Kwanza nataka tujue jambo ambalo madaktari walichelewa sana kulijua.

Si jambo la zamani sana

Kuumiza watoto ni jambo la tangu kale, lakini hospitali kulitambua ni jambo la juzi. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Marekani, John Caffey, aliandika juu ya watoto wachanga waliokuwa na damu iliyovuja ndani ya fuvu la kichwa na pia mifupa ya mikono na miguu iliyovunjika, bila historia yoyote ya ajali. Mwaka 1962 ndipo Henry Kempe na wenzake walipotangaza waziwazi kwamba watoto wa namna hiyo wanapigwa. Walikuwa wameuliza hospitali 71 za nchi yao juu ya mwaka mmoja tu, wakapata watoto 302. Kati yao 33 walikufa na 85 walibaki na ubongo ulioharibika moja kwa moja. Madaktari wengi walikuwa wameziona picha za eksirei za watoto hao, lakini ilikuwa vigumu kuamini kwamba mzazi aweza kufanya hivyo. Nawaelewa. Hata mimi, katika miaka yangu ya kwanza wodini, niliandika "ameanguka" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Hapa Tanzania tulipata picha ya nchi nzima baada ya utafiti wa mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa juu ya utoto wao. Karibu watatu kati ya kila wanne, wasichana kwa wavulana, walisema kwamba kabla ya kufikisha miaka 18 walipata kupigwa ngumi, mateke au viboko, au kutishiwa silaha na mtu mzima au mpenzi. Waliotajwa sana ni ndugu wa nyumbani na walimu. Si wote walioumia kiasi cha kuletwa hospitali. Ila ni vizuri kujua kwamba yule mtoto mmoja tunayempokea wodini ametoka katika kundi kubwa namna hiyo.

Alama ambazo ajali haiachi

Watoto huumia wakicheza, na mzazi asiogope kumleta mtoto wake eti atashukiwa. Mtoto anayetembea ana makovu ya magoti, nundu ya paji la uso, michubuko ya miundi. Hizo ni alama za afya. Tunachotazama ni mahali, umbo na umri. Mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa hana njia ya kujigonga, kwa hiyo alama yoyote ya kuvilia damu kwake inataka maelezo. Alama kwenye masikio, shingo, tumbo, mgongo na makalio si za kucheza. Waya wa umeme uliokunjwa huacha mstari wenye kitanzi mwishoni. Mtoto aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto huwa na mpaka ulionyooka kama soksi, wakati maji yaliyomwagika kwa bahati mbaya huacha matone huku na kule. Mfupa wa paja uliovunjika kwa mtoto asiyetembea, au mbavu zilizovunjika upande wa mgongoni, tunauliza mara mbili.

Hatari kuliko zote ni ile isiyo na alama kwa nje. Mtoto mchanga akishikwa mabega au kifua na kutikiswa kwa nguvu, kichwa chake kizito hupepesuka juu ya shingo isiyo na nguvu, na mishipa midogo ya damu kati ya ubongo na fuvu hukatika. Huletwa akisinzia, anatapika, amekataa ziwa, utosi umevimba, mwisho anapata degedege. Watu husema ni malaria, wengine husema ametupiwa kitu. Yawezekana kweli ni malaria au homa ya uti wa mgongo, ndiyo maana ni lazima apimwe upesi.

Na sisi wauguzi tumekosea kwa upande mwingine pia. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya rangi ya bluu mgongoni na makalioni ambayo si michubuko. Mtoto mwenye selimundu huvimba mikono na miguu bila kuguswa na mtu. Mwenye matege ana mifupa laini inayovunjika kirahisi. Chale za mganga si alama za kiboko. Anayeona alama asikimbilie kutangaza kisimani.

Nyumba zinazotuletea watoto hawa

Sasa nafikia kiini cha somo. Je, umaskini ndio unaopiga watoto? Wataalamu wamelibishania jambo hili. Kempe alionyesha kwamba wamo pia wazazi wenye elimu na mali. Miaka 16 baadaye, mwaka 1978, Mmarekani mwingine, Leroy Pelton, akajibu kwamba kusema "jambo hili halichagui tajiri wala maskini" ni kuficha ukweli, kwa kuwa mzigo mkubwa unaangukia nyumba zenye shida. Mimi kwa niliyoyaona nasema wote wawili wana haki. Mtoto wa mwenye mali naye huchapwa, ila nyumba yake ina ukuta mrefu, na akiumia hupelekwa kwa daktari binafsi usiku kwa gari. Wa maskini hulia katika chumba ambacho majirani wanne wanasikia. Lakini hata tukiondoa tofauti hiyo ya kuonekana, bado shida inazidisha hatari, na nataka tuone inazidisha kwa njia gani.

Chukueni miezi ya kwanza hadi wa tatu hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha au yamebaki ya mbegu. Palizi imebana, mama anatoka alfajiri na kurudi mchana akiwa amelowa. Watoto wana njaa, na mtoto mwenye njaa hulialia na kudokoa. Katika miezi hiyohiyo mianzi inatoa ulanzi kwa wingi na bei yake ni ndogo kuliko ya kilo ya unga. Baba anarudi amekunywa bila kula. Hakuna hata mmoja katika nyumba hiyo aliyeamka asubuhi akiwa na nia ya kumvunja mtoto mkono. Ila mambo yote yanayomzuia mtu mzima asipandwe na hasira, yaani usingizi, chakula, mwenzake wa kumpokea mtoto, na walau nafasi ya kutoka nje kidogo, yameondoka kwa wakati mmoja.

Angalieni pia ni mtoto yupi anayeumizwa. Mara chache ni kila mtoto wa nyumba hiyo. Mara nyingi ni yule asiye na mtetezi au anayedai kazi zaidi: mtoto wa kambo, kikojozi, mwenye kifafa, aliyezaliwa njiti, mlemavu. Na yatima. Mkoa wa Njombe umebeba mzigo wa UKIMWI kuliko mikoa mingine. Mwaka 2011/12 maambukizi yalikuwa asilimia 14.8, na katika upimaji wa mwaka 2022/23 bado yalikuwa asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Dawa zimeokoa wazazi wengi, namshukuru Mungu, lakini kabla ya dawa hizo kuenea tuliwazika wazazi wengi sana, na watoto wao waligawanywa kwa mashangazi, kwa wajomba na kwa bibi. Walipokelewa kwa upendo. Lakini kupokea mtoto wa tano wakati wanne wako hawajashiba ni kazi nzito, na hasira ya uzito huo humwangukia aliyekuja mwisho. Wengine walitumwa mjini kufanya kazi za ndani wakiwa na miaka 12, mbali na kila mtu anayewajua kwa jina. Wazazi mnaotuma binti Dar es Salaam, nawaomba mjiulize: akipigwa, atamwambia nani?

Kuna nyumba nyingine ambayo haina njaa wala ulanzi, ila ina upweke. Binti wa miaka 17 amepanga chumba kimoja mjini, mwenye mimba ameondoka, bibi yuko kijijini. Kwa kawaida mtoto mchanga hulia zaidi na zaidi tangu wiki ya pili hadi mwezi wa pili, hasa jioni, hata kama ameshiba na hana ugonjwa. Kisha hupungua anapofika mwezi wa tatu au wa nne. Zamani binti angekuwa kwa mama yake, na kilio kingegawanywa kwa mikono mitatu. Sasa mwenye nyumba anagonga ukuta. Huyu binti anahitaji kuambiwa jambo moja kabla hajatoka wodi ya wazazi: ukiona huwezi tena, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje, funga mlango, kaa dakika kumi. Mtoto hafi kwa kulia. Kutikiswa kunaua.

Na mama anayepigwa. Sijaona jambo linaloambatana na majeraha ya watoto kuliko hili. Mtoto hupigwa akiwa mgongoni mwa mama kwa rungu lililomlenga mama, au mama aliyepigwa jana anampiga mtoto leo kwa kosa la kumwaga maji. Ndiyo maana mtoto akiletwa tunamtazama mama usoni pia.

Jeraha dogo linavyokuwa ulemavu

Hapa ndipo umaskini unapofanya kazi yake mbaya zaidi, na watu hawalisemi sana. Watoto wawili wanaweza kupata pigo lilelile. Wa kwanza anapigwa picha siku hiyohiyo, mkono unanyooshwa, anafungwa hogo, wiki sita baadaye anacheza mpira. Wa pili anakaa nyumbani. Nauli hakuna. Mlezi anaogopa kuulizwa. Anafungwa vijiti na kamba iliyokazwa mno, damu haipiti, na tunapompokea siku ya saba vidole ni vyeusi. Mpigaji ni yuleyule kwa hasira ileile, ila mmoja amepoteza mkono.

Kuungua ni hivyohivyo. Kidonda cha kuungua kikimwagiwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 mara moja baada ya ajali hakiendi chini sana. Kikipakwa majivu, dawa ya meno, mafuta au unga huingia vijidudu. Kisha ngozi inajikunja inapopona, vidole vinashikana na kiganja, na mtoto hawezi kushika jembe wala kalamu. Kwa hiyo hata kama aliyemchoma ni wewe mwenyewe, na unajua, mlete siku hiyohiyo. Tunamtibu kwanza. Fomu ya polisi, PF3, itashughulikiwa mtoto akiwa amelala amepata dawa. Sisi wauguzi hatuwezi kukuahidi kwamba tutanyamaza, na sitaki kuwadanganya. Lakini nimewaona walezi waliokuja mapema wakasaidiwa, na waliochelewa wakaja kuulizwa juu ya kifo.

Kuadabisha na kuumiza

Najua wengi mtasema: Sista, sisi sote tulichapwa na tumekua. (Mimi si sista wa shirika, ni mama wa watoto watano, lakini vazi jeupe limenipa jina hilo.) Nami nilichapwa. Na wanangu wawili wa kwanza niliwachapa, mpaka siku niliyopokea wodini mtoto ambaye mama yake alinieleza sababu zilezile nilizokuwa nikizitoa mimi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema katika kifungu cha 13 kwamba adhabu haikubaliki ikiwa imezidi kiasi kwa umri wa mtoto na kwa hali ya mwili na akili yake, na haikubaliki kabisa kama mtoto bado ni mdogo hata hajui anaadhibiwa kwa nini. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekojoa mkekani hajui. Tatizo la fimbo ni kwamba kiasi chake hupimwa na mkono wenye hasira. Hakuna aliyeniambia kwamba alikusudia kufikia pale alipofika.

Majirani na jumuiya

Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinamtaka kila mtu katika jamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, nayo ipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupigwa bila malipo. Tumieni njia hizo mtoto anapoumia. Lakini nyumba nyingi zinaonekana miezi kabla ya kufika huko, na wanaoziona ni ninyi, siyo sisi hospitalini. Mnapokutana jumuiyani mnajua ni nani mahindi yamemwishia, nani amepokea yatima wa tatu, nani ana mtoto wa kifafa, nani jicho limevimba. Kumpeleka kikojozi wa nyumba hiyo kulala kwa jirani siku mbili ni msaada. Kumwambia mama "leo mtoto wako nitambeba mimi shambani" ni kinga pia. Debe la mahindi la kukopeshana mwezi wa pili linaweza kuzuia kidonda ambacho hospitali itakitibu kwa wiki saba. Na WAWATA wanaotembelea wazazi wapya wasitazame tu kitovu cha mtoto. Wamuulize mama: unalala saa ngapi? Nani anakusaidia usiku?

Msaada wa unga peke yake nao hautoshi. Katika vijiji vya Mwanza watafiti waliunganisha mafunzo ya kilimo na mafunzo ya malezi kwa familia zilezile, na zilizopata yote mawili zilipunguza ukatili. Baba akipata mavuno mazuri huku bado anaamini mtoto hasikii bila kipigo, atachapa akiwa ameshiba.

Yule msichana wa viganja alikaa kwetu wiki saba. Taarifa ilipelekwa, ofisa ustawi wa jamii akaja, kisha polisi. Mama mdogo hakukimbia. Alikuja kila siku, akaleta uji, akajifunza kwa mtaalamu wa mazoezi jinsi ya kuvinyoosha vidole kimoja kimoja bila kumliza mtoto. Mkono wa kushoto ulifunguka vizuri. Wa kulia vidole viwili vilibaki vimekunjamana, na kwa upasuaji ilibidi apelekwe hospitali kubwa, safari iliyolipwa kwa mchango wa vigango vitatu. Sasa anaishi kwa bibi yake mzaa mama, na mama mdogo humpelekea unga kila mwisho wa mwezi. Mwaka huu ameanza darasa la pili. Anaandika kwa mkono wa kushoto.